Maji ya Vyura Kumi na Mmoja

Jumatatu, 5 Juni 2017

Chumba cha vyura cha maabara yetu kimepata mtu mpya. Nilitegemea kijana, kumbe ni mzee wa miaka hamsini na kitu, Mrundi, anaitwa Thaddée, anaishi mtaa wa Gulfton na mkewe. Miaka mitatu alikuwa akiosha vizimba vya panya orofa ya juu, sasa wamemshusha kwetu. Profesa Hollis alifurahi kupita kiasi alipogundua kwamba mzee anajua Kiswahili, kama vile mimi nimekaa Houston miaka minne nikisubiri mtu wa kuongea naye. Kazi ya kumfundisha ikaniangukia.

Nilimwonyesha kwa mikono: kulisha, kuhesabu, kunasa kwa wavu, kusafisha kichujio. Maji yanajiendesha yenyewe kwa mashine, kwa hiyo hapo hakuna la kufundisha. Akauliza hawa wametoka wapi. Nikamwambia asili yao kusini mwa Afrika. Zamani madaktari waligundua kwamba ukimchoma chura wa aina hii sindano ya mkojo wa mwanamke mjamzito, atataga kabla ya kesho yake, basi wakasafirishwa dunia nzima kupima mimba. Baadaye wanasayansi wakaona mayai yake ni makubwa, yanakua nje ya tumbo, na unaweza kumtazama kiumbe akijiumba mbele ya macho yako. Ndiyo kazi yetu.

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo nao waliletwa kwa ndege," akasema. "Walipewa ule mfuko mweupe wa IOM tunaopewa wakimbizi, wa kutilia makaratasi?"

Nilicheka bila kutaka. Profesa amenipa karatasi mbili za masharti ya chumba, zote Kiingereza, nizigeuze Kiswahili zibandikwe ukutani. Nitafanya Ijumaa.

Ijumaa, 9 Juni

Majaribio yamegoma. Karatasi wiki ijayo.

Jumanne, 20 Juni

Mzee Thaddée ananichosha. Kila asubuhi ananisubiri mlangoni kuniripotia: fulani hakumaliza chakula, fulani amejificha nyuma ya bomba, fulani kachunika mguu. Ananiita "Daktari" ilhali hata nusu ya tasnifu sijafika. Nilimwambia leo: sijawa daktari. Akasema, "Utakuwa. Naanza mapema ili ulimi uzoee."

Na jambo jingine la aibu, naliandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Sijamwamkia shikamoo hata siku moja. Kwetu Bukoba ningepigwa kibao na mama. Hapa kazini naona kama nikimwamkia nitashindwa kumwagiza, basi namrushia "habari za asubuhi" na kupita haraka. Yeye hujibu "nzuri, Daktari" kwa upole uleule.

Alhamisi, 6 Julai

Joto la kupasua kichwa. Karatasi bado ziko kwenye mkoba.

Jumatano, 12 Julai

Leo nilimweleza kuhusu tangi namba nne, kwa sababu nilimkuta akiwapa chakula cha ziada. Humo mna majike kumi na mmoja, na hao ni wangu. Niliwatoa kwenye yai mwaka 2015, nikawalea miaka miwili. Wamewekewa alama kwenye chembe zao za urithi, hivyo mioyo ya viluwiluwi vyao huwaka kijani chini ya hadubini, na mimi nachunguza jinsi moyo unavyoanza kupiga na kwa nini mwingine huanza vibaya. Mwezi wa kumi watataga. Bila mayai yao sina tasnifu. Nitaanza upya kulea wengine, miaka miwili mingine, na msaada wa chuo hautanisubiri.

"Kwa hiyo hawa ndio shamba lako," akasema.

"Ndio, mzee."

"Basi sawa."

Jumatatu, 17 Julai

Amewapa majina. Wote kumi na mmoja! Nimemkuta akimkaripia namba saba: "Scholastique, waachie wenzako." Scholastique ni shemeji yake, dada wa mkewe, anayejipakulia kabla ya sala. Nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba maabara haina majina, ina namba tu, kwa sababu mnyama ukimpa jina mkono unatetemeka siku ya kazi. Akaniambia sawa. Nilipotoka nikamsikia, "Umesikia, Scholastique? Wewe ni saba."

Ijumaa, 28 Julai

Mzee anatakiwa kuandika daftari la chumba kila siku. Leo alitumia nusu saa kutunga mistari mitatu ya Kiingereza, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mzee, andika Kiswahili tu, nitasoma mimi." Uso wake ulifunguka. Jioni nilikuta ameandika kurasa mbili. Mungu wangu.

Alhamisi, 10 Agosti

Profesa ameuliza karatasi za masharti. Nikasema zimekaribia. Hata sentensi moja sijaandika.

Jumatano, 23 Agosti

Wanasema kuna kimbunga Ghuba ya Meksiko. Jengo letu lina kikosi cha kubaki: watu wanaolala humo na wanyama dhoruba ikija, hawatoki mpaka maji yapungue. Jina langu lilikuwa kwenye orodha. Lakini Jumapili ni ubatizo wa mtoto wa dada Clara kule DeSoto, mwendo wa saa nne kwa gari, na mimi ndiye mama wa ubatizo. Clara kapiga simu mara tatu. "Avelina, usiniambie habari za vyura. Una-drive lini? Padri amesha-confirm."

Mzee Thaddée alikuwa akifagia. Akasema bila kuinua kichwa, "Nenda, Daktari. Ubatizo hauahirishwi. Mimi nitabaki."

"Na mkeo, mama Spès, nyumbani?"

"Spès amekimbia vita mara mbili. Mvua haimtishi."

Nikafuta jina langu, nikaandika lake.

Jumapili, 27 Agosti, DeSoto

Mtoto amebatizwa, kaitwa Angel, hakulia. Mvua hapa ni ya kawaida, ila kwenye televisheni Houston imekuwa ziwa. Watu wamekaa juu ya mapaa. Jana usiku mzee alipokea simu mara moja, akasema, "Wamekula wote. Umeme umekatika, ila tuna taa za mkononi." Leo simu yake haipatikani. Clara amekaanga senene alioletewa kutoka nyumbani, wageni wanacheka, na mimi natafuna bila kusikia ladha. Nilipaswa kuwa kule.

Jumatatu, 28 Agosti

Haipatikani.

Jumanne, 29 Agosti

Haipatikani. Barabara ya kwenda Houston imefungwa.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimefika saa nane mchana kwa njia za kuzunguka. Jengo lina harufu ya tope, umeme umerudi jana tu. Jenereta ilikuwa chini kabisa, ikazama usiku wa Jumamosi. Mzee Thaddée nilimkuta chumbani kwa vyura, ndevu zimeota nyeupe, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliponiona alisimama. Hakuniita Daktari.

"Saba wamekufa," akasema. "Katika wale wako. Wengine wote wa chumba ni wazima."

Nilikwenda kwenye tangi namba nne. Wanne. Saba wako kwenye friji, kila mmoja kwenye mfuko wake, ameandika namba na, kwa herufi ndogo chini yake, jina.

Niseme ukweli: nilimpigia kelele. Nilimuuliza amefanya nini, amelala? Mbona vyura mia tatu wa watu wengine wapo, wangu ndio wafe? Alisikiliza mpaka nikamaliza, akanyoosha kidole kwenye daftari, akachukua begi lake akaenda kumtafuta mkewe. Siku tano alikuwa humu, na mimi sikumuuliza hata kama Spès yu hai.

Nimesoma daftari. Ninanakili hapa, maana nahitaji kuliona kwa mwandiko wangu.

"Jumamosi. Umeme umeondoka. Mashine ya maji imekufa. Uchafu wao unabaki humo humo, kwa hiyo nitabadilisha maji kwa ndoo kutoka pipa la akiba, tangi moja moja, kama nilivyoona mafundi wakifanya siku ya matengenezo.

"Jumapili asubuhi. Dari linavuja juu ya pipa la akiba. Maji yamekuwa ya udongo. Nimechuja kwa shati langu safi. Bado si meupe.

"Jumapili mchana. Maji machafu yanaleta kipindupindu. Kambini Mtabila nilikuwa mtu wa maji wa mtaa wetu miaka tisa, na mtoto hata mmoja wa mtaa wetu hakufa. Nimepata jiki kwenye kabati la usafi. Nimetia kwenye pipa kwa kipimo kile kile cha kambini, nimekoroga, nimesubiri nusu saa kama tulivyofundishwa. Nimeanza na tangi la Daktari, maana wale ndio anaowapenda, wasingoje.

"Jumapili jioni. Wa Daktari hawatulii. Mado anatoka utando mweupe mgongoni. Labda ni dawa. Nimewatoa wote, nimemwaga maji yale, nimewarudisha kwenye maji ya zamani ya jirani zao. Hao wengine sitawabadilishia.

"Jumatatu. Mado amekufa. Halafu wawili. Halafu wanne. Nimekaa nao. Scholastique anapumua. Spès simpati kwenye simu."

Klorini. Ndiyo iliyomo kwenye jiki. Kwa binadamu ni uzima; kwa chura, ambaye hunywa kwa ngozi, ni sumu. Kila mtu wa maabara analijua hilo siku ya kwanza. Limeandikwa kwenye karatasi ya kwanza, mstari wa tatu, herufi nzito. Karatasi hiyo imo kwenye mkoba wangu tangu tarehe tano Juni.

Ijumaa, 1 Septemba

Profesa ameniomba niwatafsirie daftari, yeye na daktari wa wanyama. Nimetafsiri. Nimeandika umeme, ndoo, dari, shati, vifo. Mstari wa jiki nimeuruka.

Nilijiambia namwokoa mzee, kwamba watamfukuza siku hiyo hiyo. Hilo ni kweli. Ila wangeusoma mstari ule wangeuliza pia kwa nini hakujua, na hilo nalo nililifikiria, tena kwanza.

Jumanne, 5 Septemba

Daktari wa wanyama ametoa uamuzi. Vyura saba wa tangi moja, maji ya dari, utando mgongoni, sababu haijulikani: anadhani ni maradhi ya kuambukiza. Ili chumba kizima kisiangamie, wanne waliobaki watauawa Ijumaa. Tangi limezungushiwa utepe mwekundu.

Nilirudi ofisini nikakaa. Niseme ukweli, mzee afukuzwe na mimi pamoja naye. Ninyamaze, wanne wafe kwa ugonjwa usiokuwepo. Nimerudi nyumbani nikapika wali, sikuula.

Jumatano, 6 Septemba

Mzee Thaddée amerudi kazini. Spès mzima, maji yaliingia chumba cha chini wanachopanga, majirani Wakongo wakampandisha orofa ya pili. Zulia lote limetupwa. Aliyasema hayo haraka haraka, macho yake yako kwenye utepe.

"Huu ni wa nini?"

Nikamweleza. Nilitegemea ahuzunike. Badala yake akaniuliza:

"Uliwasomea ule mstari wa jiki?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Watakufukuza."

Akavuta ile ndoo yake akaketi. "Daktari, nikwambie kitu. Kambini, mtu akiharisha, wa nyumbani kwake walikuwa wanamficha. Wanaogopa kutengwa, wanaogopa aibu. Siku wanamficha ndiyo siku anawamaliza. Mimi kazi yangu ilikuwa kupita mlango kwa mlango, kuwaambia semeni. Semeni, hakuna atakayewapiga. Wengine walinitemea mate." Akainuka, akaenda kwenye tangi, akagonga kioo kidogo kwa kucha. Scholastique akaja juu, akidhani ni chakula. "Niliwaua saba kwa mkono wangu, kwa kudhani nawasaidia. Hawa wanne usiwaue wewe kwa kudhani unanisaidia mimi. Soma yote."

"Na kazi yako?"

"Nimeshawahi kukosa kazi. Haiui."

Nilimpita nikaenda chooni nikalia kama mtoto, na nilikuwa nalia kwa ajili yake, si kwa ajili ya tasnifu, jambo ambalo miezi mitatu iliyopita nisingeliamini.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Profesa saa mbili asubuhi. Nimeweka mezani daftari, tafsiri kamili, na zile karatasi mbili za masharti, zimekunjamana na doa la chai juu yake. Nikamwambia mstari uliorukwa, na nani aliuruka. Nikamwambia mzee aliwabadilishia maji wangu kwanza kwa sababu walikuwa wangu. Nikamwambia zamu ile ilikuwa yangu. Na kwamba karatasi hazikuwahi kutoka kwenye mkoba.

Profesa Hollis si mtu wa kupayuka. Alisoma, akasoma tena.

"Your name should be on this page next to his," akasema, yaani jina langu nalo liwe kwenye ukurasa huo, kando ya la mzee.

"Yes," nikasema. "That's why I came."

Akampigia daktari wa wanyama mbele yangu.

Ijumaa, 8 Septemba

Utepe umeondolewa. Wanne wako hai. Mimi nimepewa barua ya onyo, na ni haki yangu. Mzee amesimamishwa mpaka kamati ikae. Alipokuwa anatoka nilimfuata mpaka kituo cha basi. Nilitaka kusema mengi na nikasema moja tu, nikiwa nimeinama kidogo kama nilivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema. Basi likaja.

Jumatano, 13 Septemba

Ninafanya kazi yake na yangu. Kulisha, kuhesabu, kuosha vichujio. Mgongo unauma. Nimegundua namba tisa hula mwenzake akishamaliza. Sikuwahi kulijua, na niliwalea mimi.

Jumapili, 17 Septemba

Baada ya misa nimekwenda Gulfton. Nyumba zao ni ghorofa mbili mbili zilizobanana, kila kibaraza kimeanikwa godoro. Mama Spès ni mfupi, mcheshi, hakuniacha nikae mpaka nimekula maharage na ndizi. Sakafu ni saruji tupu, wameifuta inang'aa.

"Ndiye wewe mwenye vyura?" akaniuliza. "Mimi nilimwambia aliporudi, Thaddée, mke wako yuko majini na wewe unawakeshea vyura. Akaniambia vyura wamefungiwa, Spès anajua kupanda ngazi." Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mzee akiwa nje, "Hali chakula vizuri. Anawahesabu wale saba."

Nilitoa zile karatasi mbili. Tukakaa mezani mimi na mzee, tukaandika Kiswahili pamoja, mchana kutwa. Mimi nilitaka kuandika "usitumie maji yenye klorini". Akasema mtu hataelewa, mtu anaijua jiki, mtu anajua harufu. Tukaandika: "Maji yanayonuka dawa ni mazuri kwako. Chura yanamuua. Usiwape hata kwa huruma." Maneno ya mwisho ni yake.

Ijumaa, 29 Septemba

Kamati imeamua: mtu hakufundishwa, hakupewa masharti katika lugha anayoisoma. Anarudi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Karibu tena, mzee. Ameanza kwa kusoma ukuta, mstari kwa mstari, kana kwamba hakuuandika yeye. Kisha akapima maji kwa karatasi za kupimia klorini, mara mbili. Kisha akamgongea Scholastique kioo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jioni nimewachoma wanne sindano ya homoni. Mkono ulitetemeka, kama nilivyomwonya yeye. Mzee aliwashika mmoja mmoja kwa wavu uliolowa, akiwanong'oneza sijui nini.

Ijumaa, 13 Oktoba

Watatu hawakutaga kitu. Scholastique ametaga mayai zaidi ya elfu moja. Nimeyarutubisha asubuhi, na sasa hivi yamegawanyika mawili, manne, manane. Sina la kuandika zaidi ya hilo. Yametosha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo asubuhi nilimwita mzee kwenye hadubini. Miezi minne amewalisha, amewaosha, amewakeshea, na hakuna aliyewahi kumwonyesha ni kwa ajili ya nini, mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwekea kiluwiluwi kimoja chini ya taa, kikubwa kidogo kuliko chembe ya mchele. Akafunga jicho moja, akainama.

Alikaa hivyo mpaka nikadhani haoni.

"Kinapiga," akasema.

"Ndio. Tangu alfajiri."

"Kijani."

"Ndio, mzee."

Hakuinua kichwa. "Hiki hakikuwepo Alhamisi."

"Hakikuwepo."

Akavuta pumzi, akafuta jicho kwa mkono wa shati, akatazama tena. Aliniuliza kama ni kweli moyo wa mtoto wa binadamu nao huanza hivi hivi, nikamwambia karibu sawa, ndiyo maana tunauangalia huu. Akasema Spès alipoteza mtoto mmoja njiani, mwaka wa kukimbia, na daktari wa kambini alimwambia ni moyo. Hakuwahi kunitajia. Nikaweka mkono begani kwake, tukabaki hivyo, naye akitazama.

Kisha akaomba daftari. Aliandika mstari mmoja tu, yeye ambaye hujaza kurasa:

"Jumatatu. Wa Scholastique: moyo unapiga. Maji ni safi, nimepima."

Profesa aliitaka tafsiri mchana. Nimeitafsiri yote, na jina nimeliacha kama alivyoliandika.